Shingo ya Ua la Mjomba

Nyumbani,
Jumapili mchana,
9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nalitanguliza kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Siku ile ulipopiga simu ukatueleza kwamba msimamizi wako, ambaye miaka yote anakuita "wewe" au anakutaja kwa namba ya kofia yako ya kazi, amekuuliza jina lako linatamkwaje baada ya kusikia kuna ua litakaloitwa kwa jina hilo, wote hapa nyumbani walishangilia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Nilikuwa tayari nashuku kwamba lile ua halitapewa jina lako. Nikanyamaza.

Sasa nisalimie kama nilivyofundishwa. Shikamoo, Mjomba. Mgongo unaendeleaje? Ile baridi uliyosema inaingia mpaka kwenye meno imepungua? Sisi huku wazima. Bibi goti lake linamsumbua asubuhi tu, likishapata joto anatushinda wote kwa mwendo. Mama ana kazi nyingi ya kushona sare. Kaka amefeli tena mtihani wa udereva, safari hii kwa kugonga ndoo wakati wa kurudi nyuma, na anasema ndoo ilisogea.

Mimi nasoma. Jumamosi bado naenda chuoni, kwenye kile chumba cha mimea iliyokaushwa, kumsaidia yule mtaalamu wa mimea tunayemwita Mama Lenzi kwa sababu lenzi yake haitoki shingoni hata akinywa chai. Kazi yangu ni kubandika mimea kwenye karatasi ngumu kwa gundi na vipande vya uzi. Nafurahi sana pale kwa sababu mtu anaweza kukaa saa tatu bila kuulizwa mbona kimya.

Nitaanzia mwanzo, ingawa sehemu ya kwanza unaijua kuliko mimi. Ulipokuwa bado unafanya kazi ya kukata matawi yanayogusa nyaya za umeme, uliangusha tawi lenye okidi, ukaona huruma kuitupa, ukamletea Bibi wiki ile ya kuondoka kwako. Bibi aliifunga kwenye kipande cha gogo, akakitundika kwenye ukuta wa nyuma, karibu na bomba. Miaka ilivyokwenda akaigawa, zikawa mbili.

Mwaka jana ilipochanua nilikata kikonyo kimoja cha maua, kwa ruhusa ya Bibi, nikampelekea Mama Lenzi kwenye chupa ya maji. Nilidhani ataniambia jina nami nirudi nalo nyumbani. Alikiangalia kwa lenzi muda mrefu mpaka nikaona aibu kuendelea kusimama pale.

Nikueleze alichokiona. Ua la okidi lina petali moja isiyofanana na nyingine. Inaitwa mdomo, na ndipo mdudu anapotua. Ua likiwa bado tumba, mdomo huwa juu. Linapokaribia kufunguka, shingo ya ua, yaani kile kijiti kinacholishika, hujipinda nusu mzunguko, na mdomo unashuka chini. Okidi nyingi sana hufanya hivyo. Yetu ilikuwa na shingo iliyonyooka kabisa, haina hata dalili ya kujipinda, na pale kwenye chupa mdomo ulikuwa juu. Kuna spishi moja ya kawaida inayofanana nayo kwa majani na kwa rangi, ila hiyo shingo yake hujipinda. Mama Lenzi alipekua makabati yote, akaandikia watu wa nje, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto kwamba anadhani ua hili halijawahi kupewa jina.

Kumbe wanaotoa majina wana adabu zao. Mtu haliiti ua kwa jina lake mwenyewe, ila anaweza kumpa heshima hiyo aliyeliokota. Ndiyo maana aliuliza jina lako. Huongezewa herufi mwishoni lifanane na Kilatini, na Kaka alipolisikia hivyo alisema sasa Mjomba ni dawa ya kikohozi, vijiko viwili kutwa mara tatu. Mama alitangaza nusu ya mtaa. Mwenye duka la vipuri bado ananiuliza ua la mjomba wako linaendeleaje, kama vile limelazwa.

Shaka yangu ilinijia nikisuuza masufuria. Mchana ule nilikuwa nimesoma kwamba shingo ya ua haijipindi kwa kukariri. Inausikia uzito wake, kama mche wa harage unavyojua upande wa juu hata ukiupanda kichwa chini, na inajipinda kiasi cha kuushusha mdomo tu. Nikainua macho nikaiona okidi ya Bibi ukutani. Mjomba, Bibi ameitundika kichwa chini. Majani yanaangalia sakafu. Nimeiona hivyo tangu nikiwa mdogo, ndiyo maana sikuwahi kuiona.

Nilimuuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba.

"Maji yakituama katikati ya majani inaoza, mke mwenzangu. Nimeigeuza ili ijimwage yenyewe. Umesoma vitabu vyote hivyo hili hawakukwambia?"

Na ni kweli, kwake haijawahi kuoza hata jani. Lakini ikiwa kichwa chini, na kikonyo chake ni kifupi na kigumu, kinakua kikielekea sakafuni. Tumba nalo linajikuta limepinduka, mdomo uko chini tayari. Shingo haina sababu ya kujipinda. Mimi nilikata kikonyo, nikakisimamisha kwenye chupa, mdomo ukawa juu, na ndivyo Mama Lenzi alivyokiona. Aliuliza mmea umetoka mti gani, una ukubwa gani, unachanua lini. Hakuuliza kichwa kiko wapi, kwa sababu hilo si swali la kumuuliza mtu mwenye akili timamu.

Ilikuwa shaka tu. Nilijiambia labda shingo ya ua letu imenyooka kwa asili yake, na kwamba kumsumbua mtu mzima kwa mawazo ya mwanafunzi ni utovu wa adabu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakufikiria wewe na msimamizi wako. Wiki ile ile ndiyo uliyopiga simu.

Mwaka huu matumba yalipotokeza nilimwomba Bibi ule mmea mdogo. Niliugeuza majani yakaangalia juu, nikaufunga chini ya ukingo wa paa ili mvua isiufikie, nikawa namwagilia mizizi tu, kwa kijiko. Mkubwa nikauacha kama ulivyo. Bibi alisema nikiuozesha nitamlipa kwa kumkanda goti mpaka niolewe. Kaka alisema hakujua kama okidi nazo zinafundishwa kusimama wima shuleni. Sikumweleza yeyote kwa nini nafanya hivyo.

Nilikuwa naamka mapema kuyaangalia kabla ya shule. Nilitaka yasijipinde. Mwalimu wetu wa baiolojia anasema anayefanya jaribio hatakiwi kutaka lolote, lakini nadhani yeye hana mjomba aliye mbali.

Yalijipinda, Mjomba. Kwenye mmea niliousimamisha, maua yote yamefunguka yakiwa na shingo zilizopinda kama kitambaa kinachokamuliwa, midomo chini. Kwenye ule wa kichwa chini shingo zimenyooka. Ni mmea mmoja uliogawanywa, kwa hiyo hauwezi kuwa spishi mbili. Lako ni lile ua la kawaida, lenye jina lake tangu zamani.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilizipeleka zote mbili chuoni, magogo na yote, ndani ya boksi la viatu vya mvua. Mama Lenzi alikuwa ameshamaliza makala yake na mchoro, imebaki kutuma. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani lakini nilipofika yalipotea, nikashika gogo moja kila mkono, moja wima na moja kichwa chini, kama linavyokaa ukutani kwetu. Hakuhitaji maelezo. Aliangalia shingo za huku, akaangalia za kule, akarudia. Kisha akavua lenzi shingoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akaiweka juu ya makala.

"Nani mwingine anajua?"

Nikasema hakuna.

"Ungeweza kuniacha."

Nikasema ndiyo. Alisema amefanya kazi hii miaka thelathini na moja na hili lingekuwa ua lake la kwanza. Hakulisema kwa kunilaumu, wala hakusema asante. Tuliendelea na kazi mpaka mchana bila kuzungumza, na safari hii ukimya wa chumba kile ulinichosha. Nilipokuwa naondoka alinipa lebo niiandike upya. Jina la zamani la spishi, halafu chini, kwenye nafasi ya aliyekusanya, jina lako, kwa wino mweusi, bila herufi za kuongezwa. Karatasi hiyo itakaa kabatini hata sisi tukiwa hatupo. Hiyo si heshima ile uliyoahidiwa na sitaki kukudanganya kwamba ni kitu kile kile.

Jioni nikawaambia nyumbani. Kaka, kwa mara ya kwanza, hakuwa na utani. Bibi aliuliza kama mimea yake imerudi mizima, akaikagua jani kwa jani, kisha akaniambia niugeuze ule mdogo kichwa chini kama zamani. Alisema ua alilipenda kabla halijawa na daktari.

Mama ndiye aliyeumia. Yeye ni dada yako mkubwa, na unajua anavyokubeba mpaka leo kama vile bado uko mgongoni.

"Usimwandikie," alisema. "Huko aliko nani atakwenda kufungua makabati? Mwache na jina lake."

Nililifikiria sana hilo, maana nami nilikuwa nimelifanya miezi yote hii. Lakini nilikuona umesimama mbele ya yule msimamizi ukieleza habari za ua ambalo mimi najua halipo, na mimi mpwa wako nikiwa nimejua. Nilipofika hapo katika mawazo sikuweza kukaa. Sijui kama atarudi kukuita kwa namba. Akirudi, nitajua nina sehemu yangu katika hilo, nawe uniambie bila kunificha.

Leo baada ya chakula nilitoa karatasi nikakaa hapa kwenye meza ya cherehani. Nikamwambia Mama kwamba nakuandikia, na kwamba nakuandikia yote. Aliendelea kukunja sare, akazipanga, akazipangua, akazipanga tena. Nilikuwa nimefika kwenye habari za ndoo ya Kaka aliposema, bila kugeuka, kwamba basi nisisahau kuweka salamu zake.

Pokea salamu za Mama, basi. Bibi anakusalimu na kukuuliza kama unakula. Kaka anakusalimu na kusema ukija usisimame nyuma ya gari. Wasalimie wenzako wa kazini, hata wanaokuita Bwana Ua. Mungu akulinde huko juu ya ngazi zako, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima,
Kimya

Naifunga sasa. Mama amenipa stempu mwenyewe, kutoka kwenye kopo lake la vifungo, na ninakwenda kuitia sandukuni kabla giza halijaingia.