Jina ya Baba Mukwe mu Groupe

Mardi 6 juin
Siméon, shemeji yangu, admin wa groupe ya famille, ametuma règlement ya adabu. Kusalimia kwanza. Hapana matusi. Hapana picha za maiti. Na ukijibu mutu, weka @ na jina yake, ajisikie umemuheshimu. Nimefurahi, groupe ilikuwa inageuka soko. Na dimanche ni ubatizo wa Kitsa, mutoto wangu, famille itakutana hapa Butembo. Hata baba mukwe, toka Kipese. Hayakanyaga kwetu tangu tuoane. Hayabeba mutoto bado.

Leo aliuliza misa ni saa ngapi. Nikajibu mbio, na adabu yote: @, jina yake, bonjour, saa tatu.

Jina yake. Mimi, bibi ya mutoto wake.

Mercredi 7 juin
Sikulala vizuri. Kwetu bibi haite jina ya baba mukwe, hata kidogo. Fundi viatu wa avenue yetu iko na jina ile ile — miaka mbili namuita "Fundi" tu. Hata hapa siiandike. Na jana niliitupa mbele ya batu makumi tatu, na rangi ya bleu juu yake!

Emérence, dada ya bwana yangu, aliandika: Bonjour famille. Kwa heshima yote, Nadège anaita baba yetu kama anaita mutoto aende kuchota maji?

Nikaomba baba mukwe samahani haraka. Lakini règlement... Nikaweka tena @.

Emérence: Mara mbili.

Jeudi 8 juin
Groupe inawaka, lakini na adabu. Kila mutu anaanza "kwa heshima yote", kisha anauma. Siméon anasema nilifuata règlement. Emérence anamuuliza kama ile règlement njo ilimulea. Mujomba mumoja wa Luofu ametuma maua, hatujue iko upande ya nani. Baba mukwe anasoma — alama za bleu ziko — lakini hasemi kitu.

Bwana yangu Lusenge alipiga simu toka Beni, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akashusha sauti. Eti mama yake amemuambia: baba hayatayarisha hata viatu.

Vendredi 9 juin
Hapana kitu. Kitsa ameota jino. Nilitaka kutuma picha, nikaogopa.

Samedi 10 juin
Baba mukwe ameandika. Neno moja: @Nadège.

Yeye ananiitaka Mama Kitsa, tangu mutoto azaliwe. Baba mukwe naye haite bibi ya mutoto wake jina. Siméon ananiuliza pembeni: amekasirika, ao anacheza na wewe? Emérence, hata "kwa heshima yote" hayapata.

Kisha ikaingia vocal, message ya sauti. Hapana maneno. Moto, ile pikipiki ya transport, inakimbia, upepo, na kuku analalamika karibu na simu.

Mutu mwenye hasira habebe kuku. Ao anabeba?

Nilijibu: Karibu sana, Baba. Bila @. Siméon: Shemeji, règlement. Nikamutumia maua.

Sasa moto imezima inje. Kitsa iko na uji mpaka ku masikio, kitenge yangu siione, na sauti ya muzee inauliza majirani, kwa nguvu, avenue yote isikie: "Kwa Nadège ni wapi?" — na anacheka, ao hacheke, sisikie vizuri sababu ya kuku —