Kundi Lililokimbia Bondeni

Jumatatu, 7 Aprili
Treni tena, kutoka kwetu Hallunda hadi chuoni. Kompyuta. Video za kulungu wa theluji. Kazi yangu ni kuhesabu jinsi wanavyoshtuka mtu akikaribia. Jike anaacha kula, anainua kichwa. Nabonyeza. Anajikusanya na wenzake. Nabonyeza. Wanakimbia. Miaka miwili sasa, na sijawahi kusimama karibu na hata mmoja.

Leo mwenzangu Furaha amekwenda kaskazini, kwa kulungu wenyewe. Ana miezi minne tu kazini. Msimamizi wetu, Kerstin, kamchagua yeye. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano, 9 Aprili
Katuma picha. Yuko na Nils, mfugaji wa Kisami, wenyeji wa huko kaskazini, mwenye kundi, na nyuma yao kulungu hawana idadi. "Yaya, ungewaona!" Yaya kwa Wakongo kama yeye ni dada mkubwa. Dada mkubwa huyu, mimi, ndiye niliyemtafutia kazi hiyo. Nimejibu "Mashallah", nikazima simu.

Ijumaa, 11 Aprili
Sikulala vizuri. Mama kaniambia, "Umevimba kama andazi, una nini?" Nina kijicho. Naliandika neno lenyewe nisije nikajidanganya. Namwonea kijicho mtoto wa watu kwa sababu ya kulungu.

Jumatatu, 14 Aprili
Kola wanazovaa kulungu shingoni hutuonyesha walipo. Jumamosi mchana kundi lote lilitimuka bondeni, likapanda mgongo wa mlima. Huko theluji ni ngumu kama sahani, hawawezi kuchimba chakula. Hawajashuka hadi sasa. Majike wana mimba, mwezi ujao wanazaa.

Kifaa anachobeba Furaha cha kutuonyesha alipo kinaonyesha alikuwa kwenye bonde lilelile, saa ileile, akienda kasi. Kasi ya pikipiki ya theluji. Tunaruhusiwa kuwakaribia kwa miguu tu.

Nikaona raha. Kweli kabisa, raha.

Sikumpigia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kerstin. "Una uhakika?" Nikasema ramani haidanganyi. Akamwita Furaha arudi mara moja, hakutaka maelezo kwa simu. Mimi nitakwenda badala yake.

Jumanne, 15 Aprili
Nimenunua soksi za sufu, jozi tatu. Mama anauliza mbona naimba.

Jumatano, 16 Aprili
Nils kampigia Kerstin simu, amekasirika. Watalii wanne walikuja na pikipiki zao, wakitaka picha za karibu, wakalifukuza kundi. Furaha alichukua pikipiki ya Nils, akawakatia njia, akawarudisha. Bila yeye kundi lingevuka mlima likapotea. Tangu Jumapili yeye na Nils walikuwa wakiwapandishia kulungu majani makavu pamoja. Tangu jana Nils yuko peke yake, mzee wa watu, na hawezi. Jike mmoja mimba yake imeharibika.

Kerstin hakunifokea. Kaniuliza tu, "Kwa nini hukumpigia kwanza?"

Ningeweza kusema nilisahau. Nikasema, "Kwa sababu nilitaka awe yeye."

Nikaongeza kwamba safari ni ya Furaha, mimi siendi. Akasema hilo alikwisha kuliamua.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimekwenda Fisksätra, kwa kina Furaha. Kafungua mlango, hakunikaribisha. Nyuma yake mkoba uko wazi, umejaa nusu.

"Namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Uliona alama kwenye ramani, ukasema ni miye tu. Bila hata kuniuliza?"

Nikamwambia nilimwonea kijicho. Nikaomba msamaha. Nilitaka alie, au anitukane. Akaangalia saa.

"Nils ananingoja. Acha nimalize kufunga vitu."

Mlango kaufunga polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumatano, 23 Aprili
Kulungu bado wako juu. Furaha na Nils wanawapandishia chakula kila siku, wanakiacha mbali na kuondoka, wasiwashtue zaidi. Ripoti anamtumia Kerstin. Mimi hanitumii kitu. Bado naona wivu, hata sasa, hata baada ya yote. Inanichukiza.

Jumapili, 27 Aprili
Kundi limeshuka bondeni jana. Nimesoma habari hiyo kwenye ripoti, mistari miwili.

Jua hapa Hallunda. Nimesonga ugali, Mama kakaanga samaki. Kaniuliza mbona Furaha haji siku hizi. Nimemweleza yote, tangu mwanzo, sikuruka kitu. Baadaye akanisogezea mchuzi, tukala.