Pambizoni mwa Ukurasa wa 112

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Saa.
Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini umeitikia kwa sauti yako ileile ya kumwamsha aliyelala nyumba ya tatu. Mgongo unaendeleaje? Bado unainamia cherehani tangu asubuhi, au umekubali kupumzika kidogo? Na wapwa zangu pacha, wameacha kugombania kitanda cha dirishani? Sisi huku miili ni mizima. Wifi yako jino limetulia, na mimi kikohozi kimeniacha. Moyo ndio hauna afya, na ndiyo sababu ya barua hii.

Atakayekuletea ni muuguzi, jirani yetu, anayerudi kazini huko kwenu. Simu sikupigi. Utaelewa kwa nini.

Kazi yangu unaijua. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba mwandishi wa kujitegemea hana bosi wa kumfukuza wala wa kumlinda, nami nikacheka. Bado naandikia magazeti mawili: mabomba yaliyopasuka, mikutano ya walimu, na kila Jumapili uhakiki wa kitabu. Meza ni ileile yenye mguu mfupi, na chini ya mguu huo kuna riwaya niliyoisema vibaya mpaka mtunzi wake akaninunia mwaka mzima.

Mwezi Juni mhariri wa ukurasa wa vitabu alinipa kumbukumbu za maisha ya Mkurugenzi. Ndiyo, huyohuyo wa kiwanda cha sabuni. Ningeweza kukataa, lakini nilitaka kuona anavyojisafisha. Ukurasa wa 112 anaeleza siku boila ya mvuke ilipopasuka. Anasema shemeji, marehemu mume wako, alikuwa amelewa kazini, ndiyo maana wakafa watu watano, yeye mwenyewe akiwamo. Dada, niliinuka nikaizunguka meza. Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi alikuwa anainusa kwanza! Nikakaa tena, nikaandika pambizoni kwa penseli: "Uongo mtupu. Shemeji alimwonya mara tatu. Daftari la maonyo hayo analo dada, na saini ya huyu bwana imo."

Kwenye gazeti sikusema neno juu ya daftari. Uliniapisha ninyamaze mpaka wakili aliweke mbele ya hakimu mwezi Septemba, kwa sababu bila daftari hilo wajane wote watano hamna kitu, na shemeji atabaki na jina la mlevi. Nikanyamaza. Niliandika tu kwamba mwandishi anajisifu kupita kiasi, nikajiona mtu mzima kweli.

Sasa sikia nilichofanya. Vitabu nikishavihakiki huwa nabadilishana na Mzee Miwani, muuza vitabu vikuukuu wa karibu na posta. Hapokei kitabu kilichochorwa, kwa hiyo huifuta penseli yote kwa raba, ukurasa kwa ukurasa, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Siku ile nilipofika katikati, mhariri akapiga simu akitaka nipunguze maneno mia mbili kabla ya saa sita. Niliiacha raba juu ya kitabu nikaanza kukata maneno. Kesho yake nilikuta raba juu ya kitabu, nikaamini nimemaliza. Nikakipeleka.

Nilikumbuka baada ya wiki mbili, nikiwa nanyoa ndevu. Nilitoka mbio na povu shavuni. Kitabu kilikuwa kimeshaondoka.

"Kachukua bwana mmoja, viatu vinang'aa," akaniambia Mzee Miwani. "Kasoma amesimama hapo hapo, ukurasa mmoja tu. Akaniuliza, hivi vyenye maandishi ya penseli unavipata kwa nani?"

"Ukamjibuje?"

"Nikakutaja wewe, mwanangu. Nilidhani nakutafutia wasomaji."

Tangu siku hiyo kumekuwa na kimya nisichokipenda. Mhariri, aliyekuwa ananisumbua hata nikiwa bafuni, hapokei simu zangu. Gazeti la pili wanasema hawana nafasi yangu hadi mwakani. Mbele ya duka la Fundi Saa kunaegeshwa gari la kijivu, na anayekaa ndani hajawahi kuleta saa.

Linalofuata naona haya kukusimulia hata kwa karatasi. Wiki iliyopita alinipigia mwanamke mwenye sauti tamu. Alisema jarida lao linaandaa makala juu ya wahakiki wanaosomwa sana. Dada, miaka kumi na saba nawauliza watu maswali, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi hata moja. Kichwa kilivimba. Akataka kujua nililelewa na nani. Nikammwagia yote: ulivyonichukua mama alipofariki, ulivyonifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia vitambaa, na kwamba sasa una darasa la ushonaji nyuma ya stesheni ya treni, mlango wa kijani. Hata rangi ya mlango nilimtajia, ili makala ipendeze! Nilipoanza kumsifu Dada wa Kati, alinikatiza kwa upole, akasema ametosheka. Jarida lake nimelitafuta kila duka. Halipo.

Jana kitabu kilirudi. Kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki isiyo na stempu, kimeachwa juu ya meza ya Fundi Saa alipokwenda kunawa mikono. Nilifungua ukurasa wa 112. Penseli yangu ipo palepale. Chini yake, kwa wino wa bluu, mtu ameandika: "Dada yupi?" Na chini zaidi, kwa wino mweusi, mwandiko uleule: "Mkubwa."

Nimekuponza, dada. Nimeogopa, na sioni aibu kusema nimeogopa. Usingoje Septemba. Daftari liko pale tunapopajua. Sitapaandika, nimekwisha kuandika vya kutosha. Mpelekee wakili leo, mkononi mwake, wala usimtume mtu. Kisha wachukue pacha mwende kwa mama mdogo. Darasa lifunge. Akija mtu mwenye sauti tamu kutaka kujifunza kushona, mwalimu hayupo.

Nisalimie mama mdogo, na mzee wako wa jirani anayebishana na redio. Pacha wabusu kila mmoja peke yake, wasije wakagombana. Wifi yako na Dada wa Kati wanakusalimu sana. Hawajui lolote bado. Mungu awafumbe macho wanaokutafuta, akufikishe salama unakokwenda.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea na ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika,

Bwana Maswali.

Jambo moja nimelisahau. Bahasha hii siibandiki kwa gundi. Naishona kwa uzi mweusi, mshono ule wa kurudi nyuma ulionifundisha nikiwa na miaka tisa, ukanicheka kwa sababu ulipinda kila mara. Hata leo utapinda. Igeuze uutazame. Ukiona umenyooka, si mimi niliyeishona mara ya mwisho. Usikae, usifungashe chochote. Chukua watoto na daftari, utoke kwa mlango wa nyuma.