Shubiri ya Baba

3 Machi

Binti yangu,

Sisi wazima, ila goti langu linajua mvua kabla ya redio. Wewe je, unakula?

Kompyuta yako imefika karakana. Tangu Jumatatu mafundi wangu watatu wamechora migongo kumi na mmoja ya viti bila kukata ubao hata mmoja. Zamani mgongo mmoja ulinilia wiki na mbao mbili. Hesabu hiyo naikubali. Lakini mimi niliyewafundisha kushika randa siulizwi tena kitu. "Mzee, subiri tuone kwenye kioo." Karakana niliyoianza na msumeno wa kuazima!

Maktaba wanataka viti ishirini na vinne. Vipimo vya daftari langu uliviingiza humo mwenyewe, basi tuone.

Baba yako

9 Machi

Baba, shikamoo.

Nakula. Goti lipake dawa.

Shubiri zako, gumba hadi kidole cha mwisho, nimezigeuza sentimita: moja ni ishirini na tatu, kama ya kila mtu. Usinune. Kompyuta inachora tu. Anayejua watu wanavyokaa ni wewe.

Mwanao

2 Aprili

Binti,

Salamu baadaye. Tulipeleka viti sita vya mwanzo. Mkutubi kakaa, miguu ikaning'inia kama nguo kambani. Vimerudi vyote. Wametupa hadi tarehe ishirini. Tukikosea tena, kazi anapewa mwingine. Kiti changu ni shubiri mbili toka chini hadi pa kukalia tangu hujazaliwa, na hakuna aliyewahi kuning'inia! Mafundi wananitazama mimi, si mashine. Nimeizima, nimeifunika gunia.

Baba yako

5 Aprili

Baba, shikamoo, na unisamehe.

Kidole chako cha mwisho! Msumeno ulikula ncha yake wewe ukinitengenezea kitanda kabla sijazaliwa, nami nilikishika hicho hicho kila tulipovuka barabara. Halafu nikakaa hapa nikaandika ishirini na tatu. Kosa ni langu. Waambie mafundi, kwa sauti. Kisha pima mkono wako.

Mwanao

18 Aprili

Binti yangu,

Goti limetulia.

Barua yako nimewasomea. Fundi mkubwa kacheka hadi kakaa chini. Gunia tumelitoa. Wamechagua mgongo wa tisa. Nikasema ulale nyuma kidogo, upana wa vidole viwili. Wakauchora, wakanigeukia: "Hivi, mzee?" Hivyo.

Leo mkutubi kakaa. Miguu chini, kitabu kafungua, kuinuka hataki.

Mkono wangu huu hapa chini, nimeuzungushia penseli ya kazi. Shubiri ni ishirini na moja, mashine tumeshaiambia. Huu ni wa kwako, wa kuvukia barabara.

Baba yako