Mrija wa Kumi na Sita

Nyantakara, Jumapili, masika ya 1980.

Mvua imeanza watu walipokuwa wanatoka kanisani na haioneshi dalili ya kuchoka. Nimekaa chini ya upenu wa nyumba ya dada yangu, daftari gotini, na moyo umechachuka kama togwa ya juzi.

Lori la chuo limeondoka saa nne asubuhi. Sikwenda kuaga.

Niandike tangu mwanzo. Mimi nikisimulia kwa mdomo huwa natia chumvi, na leo sitaki chumvi. Chumvi ndiyo iliyoniponza.

Kijiji kizima kinajua kwamba mimi Zakaria, niliyesoma mpaka darasa la nne tu nikawa nimemaliza akili zote za shule ile, nilifanya kazi chuo kikuu miaka saba. Hilo ni kweli. Wanajua pia kwamba vita vilinikuta nyumbani likizo, nikaingia mgambo, nikavuka mto Kagera na sufuria la maharage kichwani, yakafika ng'ambo bado yanachemka, na askari wawili wa nduli wakajisalimisha kwa ile harufu. Hilo nalo ni karibu na kweli. Maharage yalikuwa yamepoa.

Lakini kuna jambo moja nimelisema tangu nirudi vitani, kilabuni, shambani, hata msibani. Nimesema kule chuoni hakuna mkubwa wala mdogo. Maprofesa, wanafunzi, wapishi na wafagizi wote ni ndugu, wanakula meza moja, na kiti changu bwaloni hakikaliwi na mtu mpaka leo. Kinaningoja.

Aliyeambiwa zaidi ya wote ni Yustina.

Yustina ni binti wa dada yangu huyu. Kamaliza kidato cha sita, katoka jeshini, sasa anafundisha kisomo cha watu wazima hapa kijijini. Barua ya chuo imefika, na wiki ya tatu hii anaikunja na kuikunjua. Hataki kwenda. Kule sekondari walimcheka kwa Kiswahili chake chenye Kisubi ndani, akala peke yake miaka yote ile. Aliniambia, "Mjomba, kukaa tena mahali ambapo sina mtu, siwezi. Bora nibaki na wazee wangu wa a-e-i-o-u."

Nikamjibu, "Subiri. Wenzangu wanakuja. Utaona kwa macho yako watakavyonipokea."

Maana habari zilikuwa zimefika kwamba mhadhiri mmoja na wanafunzi kumi na wanne watakuja kukaa shuleni kwetu wiki sita, walime nasi na kuandika juu ya kijiji chetu.

Mimi kwetu ni Murukulazo, kule Ngara; huku nilimfuata dada. Kwetu pombe hunywewa kwenye mtungi mmoja, kwa mirija ya matete, na mrija wa mgeni haukatwi siku anapofika. Unakatwa angali njiani, unakaushwa, unachomekwa kwenye nyasi za paa, kwa ndani. Akishaunywea unarudishwa pale pale na hakuna mwingine anayeugusa. Siku akirudi, hata baada ya miaka kumi, anaukuta. Mtu mwenye mrija nyumbani kwako haitwi mgeni tena.

Nikakata mirija kumi na mitano. Mhadhiri mmoja, wanafunzi kumi na wanne. Nilihesabu mara mbili, mbele ya Yustina, kwa sauti.

Walifika Ijumaa. Jana mchana wakaja hapa uani, mwenyekiti wa kijiji akiwa mbele, wazee wamevaa makoti. Nikaonja kwanza, kama mwenye nyumba anavyopaswa, kisha nikagawa mirija. Vijana wakaipokea, wakaigeuzageuza kama watu waliopewa vipande vya mashine. Mmoja akachovya, akacheka, akamsukuma mwenzake. Wengine wakakaa kule kwenye madawati tuliyoazima shule, wakisema yao kwa yao. Mhadhiri akautazama mrija wake vizuri, akauchora kwenye daftari. Akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani ndugu, glasi hamna?"

Wazee wakatazama chini. Dada akaenda kutafuta kikombe.

Hapo mwenyekiti, kwa nia njema, akasema, "Ndugu Mhadhiri, huyu Zakaria si ni mwenzenu? Mmekaa naye miaka saba!"

Mhadhiri akanitazama. Mimi nilikuwa nimemtambua tangu alipopokea mrija. Ana kovu kwenye kidole gumba cha kulia. Nilimpakulia miaka mitatu alipokuwa mwanafunzi, na siku za wali nilimwekea ukoko, maana aliupenda.

"Ahaa," akasema. "Ulikuwa idara gani, ndugu?"

Yustina alikuwa amesimama mlangoni na trei ya ndizi.

Nikasema, "Idara ya lishe."

"Hiyo siikumbuki," akasema, akanywa kwenye kikombe.

Simlaumu. Ngoja niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Bwaloni kulikuwa na dirisha la kugawia chakula. Sisi ndani, wao nje, na dirisha lenyewe liko chini, la kupitisha sahani tu. Miaka saba niliona mikono. Mikono ya kina dada wenye hina, mikono yenye wino, mikono inayogonga sahani ukichelewa. Wao waliona yangu. Jina langu hakuliuliza mtu. Waliita "Mpishi!" na sote mle ndani tuligeuka. Tulikula nyuma ya jiko wao wakishamaliza, juu ya makreti. Kiti kinachoningoja bwaloni hakipo. Sikuwahi kukalia kiti mle.

Na hata hayo singeyaonea uchungu jana. Ningecheka, ningebuni jingine. Kilichonichoma ni kilichofuata.

Dereva wa lile lori aliingia uani kuomba maji ya rejeta. Mikono oili tupu, ndoo mkononi. Usiku wa Ijumaa alilala kwenye kichwa cha lori na hakuna aliyemwita. Hata mimi. Katika hesabu yangu ya watu wa chuo, dereva hakuwemo. Nilihesabu mara mbili na mara zote mbili hakuwemo.

Akaniona, akatua ndoo.

"Zakaria! Ee bwana wee, Zakaria wa sufuria kubwa! Sisi kule nyuma ya jiko tulishakukalia matanga!"

Ni Daudi. Nilipofika mjini mara ya kwanza, mshamba wa Ngara nisiyejua pa kulala, Daudi alinikatia nusu ya mkeka wake mwezi mzima. Daudi alikula kreti moja nami miaka saba, tukigombania kichwa cha samaki.

Wazee wakamtazama yeye, kisha mimi. Mwenyekiti alishaanza kutabasamu, akingoja nieleze. Mhadhiri akainua macho kutoka kwenye daftari. Nikaona chuo changu chote nilichokijenga hapa kijijini kinaning'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja mwenye ndoo.

Nikasema, "Umenifananisha, ndugu."

Nimeandika. Nilisema hivyo.

Daudi alinitazama. Akatazama mtungi, akamtazama mhadhiri na kikombe chake, akatazama mirija. Yeye si mjinga. Akainua ndoo, akasema kwa heshima, "Nisameheni wazee wangu. Nimemfananisha na mtu mwingine." Akachota maji, akatoka.

Angenitukana ingekuwa nafuu.

Yustina aliweka trei chini. Akachukua sahani, akapakua ndizi na nyama, akatoka nayo barabarani. Nilimwona amekaa kwenye ngazi ya lori, Daudi anakula, wanaongea. Wakacheka hata. Jioni aliniamkia shikamoo kama anayemwamkia balozi wa nyumba kumi.

Leo baada ya lori kurudi mjini na kuwaacha wanafunzi shuleni, Yustina alikuja hapa upenuni, akaitoa ile barua.

"Nakwenda, Mjomba."

Nikaruka kwa furaha, nikaanza kusema unaona, si nilikwambia, chuo ni cha ndugu... Akaninyamazisha kwa mkono, taratibu.

"Ndugu Daudi kasema nikishuka stesheni nimuulizie kwenye gereji ya chuo. Mkewe ana kitanda. Wapishi nao kasema atawaambia mapema, nikionewa na mtu nipite mlango wa nyuma. Basi pale sasa nina mtu."

Nina mtu. Mmoja, na kidole kimoja alikiinua.

Nilingoja aongeze kidole cha pili, cha kwangu mimi. Hakuongeza.

Nikachukua panga nikaingia mvuani mpaka bondeni, nikakata mrija mwingine. Nimeukwangua vizuri kuliko ile yote kumi na mitano, ambayo vijana waliiacha jana imetapakaa uani na kuku wanaikanyaga. Nimeupitisha juu ya moto, haraka haraka, ingawa najua unataka siku kadhaa kukauka. Kisha nikampa Yustina, nikamwambia aufunge kwenye mizigo yake, akifika amkabidhi Daudi. Mrija wa mgeni haupelekwi kwa mtu, nafahamu. Kwetu ni yeye ndiye anayeufuata. Lakini ningefanyaje?

Yustina aliupokea kwa mikono miwili. Akaunusa, akaupima kwa shubiri, akanitazama.

"Akiniuliza umetoka kwa nani, Mjomba, nimtajie nani?"

Mimi ninayejua kujibu watu kumi kwa mara moja, nilitazama mvua. Naye akangoja, akaingia ndani.

Bado wiki nne aondoke. Kesho ataniuliza tena, namjua.