Njuga ya Kashaija Porini Kyerwa

Mpwa wangu Deo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Nyakakika tu wazima, mama yako amevuna maharage, na ng'ombe wangu mpya ana pembe ndefu mpaka ndege hupumzika katikati yake.

Unauliza kama kweli niliwahi kuishi ndani ya lori. Siku kumi na mbili, mimi na dereva Kalisti, tukielekea kaskazini mwa Kyerwa. Tulilala humo juu ya nyasi, pamoja na paka wake na Kashaija, mbwa wa kuwinda wa baba yangu.

Njuga ya shingoni mwa mbwa huyo, ambayo kwake mlio wake ulimaanisha mawindo, ilininyima usingizi, nikamvua. Asubuhi mbwa hayupo.

"Si ulisema ukipiga mluzi hata chui anakuja?" Kalisti akanicheka.

Nikapiga mluzi mpaka midomo ikavimba. Akawasha gari.

"Tunaondoka. Mzee utamweleza mwenyewe."

Baba angenisamehe kupoteza ng'ombe, si mbwa yule. Nikaifunga njuga mguuni mwangu, nikakimbia kulizunguka lori kama mtu anayekwenda kuwinda. Kalisti alicheka mpaka akazima gari, akashuka, akanifuata akipiga makofi.

Nyasi zikatikisika. Kashaija akatoka mkia juu, na nyuma yake nyati saba. Kalisti atakwambia walikuwa ngiri wawili, usimsikilize.

Nilikuwa nimemwita mbwa kwa sauti niliyojivunia mimi, naye akingoja ile anayoijua yeye. Hakunitazama hata usoni. Aliunusa mguu wenye njuga, akatangulia mbele, tayari kwa kazi.

Mjomba wako akupendaye,
Fransisi