Kioo Kisicho na Jina Langu

Marlys, ukipata nafasi soma. Nimejifungia garini.

Kioo kilichomo kwenye darubini yetu, mimi na Roscoe, si changu.

Asubuhi hii nimekitoa kwenye sanduku la darubini nikioshe vumbi la kambi hii ya watazama nyota, nikakigeuza. Unakumbuka nilichora jina langu mgongoni mwake kwa ncha ya almasi kabla sijaanza kukisugua kipate mbonyeo wa kukusanya mwanga? Hakuna jina. Nimekigeuza tena na tena. Hakuna.

Nikamwita Roscoe. Hakubisha. Akasema, huku anatafuna mkate, "Hazel, dada yangu, ukingo wa kile chako uliinama. Nyota zilikuwa zinaota manyoya, hazitulii kuwa nukta. Nikatafuta kingine, nikakitia kimya kimya. Sikutaka kukuumiza."

Sikutaka kukuumiza.

Majira mawili ya baridi nimezunguka lile pipa nililolaza kioo juu yake, nikisugua kwa mkono. Angeniambia tu ukingo umeinama, ningerudi kwenye pipa nikisugue upya. Kila anayesugua kioo hurudi, na Roscoe anajua hilo.

Na jana usiku watu walipanga foleni kwenye ngazi ya darubini. Wakishuka wananiuliza, "Mama, kweli hiki umekisugua mwenyewe?" Roscoe anawajibu kabla yangu: "Kwa mikono yake hii hii."

Kwa mikono yake hii hii, Marlys. Nami nikapanda, nikaona pete za Zohali, nikalia mbele yao wote.

Anasema changu kiko gerejini kwake, chini ya blanketi. Njoo tukakibebe, ni kizito kwa mtu mmoja. Darubini abaki nayo. Pipa langu sijaliondoa.